Kapsuli za manjano hazikuniongezea kichwa kingine

Nimecheza ngumi za kulipwa miaka 9. Nilianguka ulingoni mara 4, na hizo watu walizihesabu. Za sparingi, yaani kupigana mazoezini, hakuna aliyezihesabu, zile za Jumanne na Alhamisi bila helmeti, na siku hizi naamini hizo ndizo zilizonimaliza. Hata hivyo helmeti inazuia hasa kuchanika. Ubongo bado unatikisika ndani ya fuvu.

Mke wangu ndiye aliyeanza kuona. Nauliza chumvi iko wapi huku nimeishika. Wiki moja nikapitilizwa na daladala Magomeni mara mbili, na pale nimeshuka tangu mtoto. Nikaanza kuzama mtandaoni usiku, nikatoka na orodha: kapsuli za manjano, ile bizari ya mchuzi, ginkgo, majani ya mti wa China, na unga wa mlonge. Miezi saba nikanywa vyote kwa pamoja, na pesa iliyoenda humo ingelipa ada ya mtoto.

Manjano yana kitu kinaitwa kurkumini. Kwa panya walioumizwa kichwa kimeonyesha dalili nzuri, lakini panya hapandi ulingoni raundi nane. Isitoshe, kwenye unga wa manjano kurkumini ni kama asilimia 3 tu, na utumbo unaipokea kwa shida. Ndiyo maana kapsuli nyingi zina pilipili manga: jaribio la mwaka 1998 lilionyesha inaifanya iingie mwilini kwa kiasi cha mara 20. Sasa pilipili hiyo haichagui. Inapandisha pia phenytoin kwenye damu, na hiyo ni dawa ya kifafa, ugonjwa ambao wengine huupata baada ya kuumia kichwa. Kama unaitumia, usiguse kapsuli hizo kabla ya kumwambia daktari.

Mimi manjano nimeyarudisha kwenye mchuzi. Nanunua vizizi vikavu, natwanga mwenyewe, kwa sababu unga unaong'aa kupita kiasi unanitia shaka. Bangladesh waliwahi kukuta wafanyabiashara wanaupaka rangi yenye madini ya risasi, na risasi inaharibu ubongo uleule unaotaka kuuponya.

Ginkgo ndiyo iliyonitia adabu. Nilienda kung'oa jino, jambo la dakika kumi. Saa nzima baadaye bado nang'ata pamba, nabadilisha, inalowa tena. Daktari akaniuliza, "Kaka, unatumia dawa gani?" Nikamjibu hakuna. Akauliza tena. Nikasema aspirini kidogo kwa ajili ya kichwa, na majani tu ya kumbukumbu. Akaweka koleo chini. Ginkgo inaweza kuongeza kutokwa damu, hasa ikikutana na aspirini. Hebu fikiria damu ile ingekuwa inavuja ndani ya fuvu baada ya ngumi. Na kumbukumbu zenyewe? Marekani waliwapa wazee zaidi ya 3,000 ginkgo au kidonge bandia kwa miaka kadhaa. Matokeo ya 2008 yalionyesha haikuzuia ugonjwa wa kusahau.

Mlonge sina ugomvi nao. Ni mboga.

Kilichonisaidia mimi ni kuacha kupigwa. Usingizi ukarudi, hasira zikapungua, ingawa majina ya watu bado yananikimbia. Uharibifu wenyewe, ule ambao Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, aliuona kwenye ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyefariki 2002, bado unathibitishwa baada ya kifo tu. Kwa hiyo hakuna muuza kapsuli anayeweza kukuambia kapsuli yake imeuondoa.

Juzi Jumatatu dogo mmoja wa gym yetu, aliyelambishwa sakafu Jumamosi, alinivuta pembeni. "Bro, ile dawa yako ya ubongo bei gani? Alhamisi nina sparingi." Nikamuuliza kichwa kinamuuma? Akacheka, kidogo tu, akafumba jicho moja kukwepa mwanga wa dirishani. Glovu zake ziko kabatini kwangu, ufunguo anao mke wangu. Kapsuli zilizobaki nilishazimwaga chooni.