Lipu inayobanduka kwenye nguzo za zege

Pole, ndugu yangu wa Nyegezi. Unasema lipu imeshika kwenye tofali, ila kwenye nguzo inabanduka vipande vizima. Geuza kipande kilichoanguka: mgongo ukiwa laini kama sahani, sementi haikupata pa kushika. Mbao za kumwagia zege zikipakwa oili chafu, nguzo hutoka laini, tena ina mafuta. Ioshe kwa sabuni kwanza. Halafu tindo na nyundo: donoa nguzo yote, vishimo vya milimita 3 hivi, karibu karibu, mpaka kokoto zionekane. Sementi huzama humo, ikiganda haichomoki. Piga brashi vumbi litoke, lowanisha, rushia rojo ya sementi na mchanga wa chenga; lipu ni kesho yake. Fundi akisema kumwagia maji kunatosha, mkatalie.