Nataka kuona tenki la maji kwenye simu, nianzie wapi?

SWALI: Habari fundi, nipo Morogoro. Nina mfumo niliounga mwenyewe, Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa) na sensa ya HC-SR04 inayopima maji kwa mawimbi ya sauti juu ya tenki la lita 2000, maji yakishuka relei (swichi inayoongozwa na Arduino) inawasha pampu ya hp 1, yakijaa inazima. Nataka nihamie ESP32 (kama Arduino ila ina wifi) na Home Assistant (programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani) ili nikiwa kazini nione maji na umeme kwenye simu. Shida sensa siku hizi inasema tenki limejaa kumbe nusu, na juzi relei iliganda maji yakamwagika usiku kucha.

JIBU: Hongera ndugu yangu, kazi nzuri hiyo, ila simu iache kwanza, anza na pampu. Hivyo virelei vya bluu vimeandikwa 10A, na hp 1 ni kama wati 750 kwa hiyo unaona vinatosha kabisa, lakini mota ikianza kuzunguka inavuta hata mara 5 au 6 ya umeme wake wa kawaida, cheche zinapiga, kontakti za ndani zinashikana ndo inaganda hivyo. Weka kontakta (swichi kubwa inayohimili mota), relei ibaki kazi ya kuiwasha kontakta tu. Halafu tundika floti swichi (swichi inayoelea kwenye maji) kwenye tenki, waya wake ukate njia ya koili ya kontakta, yaani sumaku inayoiwasha, hapo maji yakifika juu pampu inazima hata kama ESP32 imekufa na wifi haipo. Hili usiliruke. Na kama umeme wa 230V hujauzoea muite fundi umeme.

Sensa yako inaharibiwa na mvuke wa tenki, chukua JSN-SR04T isiyoingia maji, ila iinue kidogo maana chini ya sentimita 25 haisomi vizuri. Pini ya Echo ya sensa, inayotoa majibu, inatoa 5V na ESP32 inataka 3.3V, pitisha kwenye rezista za 1k na 2k ili volti zishuke.

Umeme upime kwa PZEM-004T, moduli ya kupimia umeme. Home Assistant kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) iweke kwenye diski ya SSD, umeme wetu huu wa kukatika utaua memori kadi. Ukiwa kazini ingia kwa VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani), usifungue poti za ruta.

Kitu kimoja wengi hawakijui: ESPHome, programu inayowekwa kwenye ESP32 iongee na Home Assistant, ikikosa Home Assistant kwa dakika 15 inajirestati yenyewe, na ikikosa wifi hivyohivyo, sasa fikiria pampu iko katikati ya kujaza. Andika reboot_timeout: 0s kwenye faili la mipangilio la ESPHome, sehemu ya api na ya wifi pia, isijirestati.