Mafunzo yanasaidia, ila yaanzie kwenye ankara

Umeuliza kama mafunzo yanaweza kuzuia wizi kwenye manunuzi ya jeshi. Yanaweza, ila si zile semina za kusaini mahudhurio na kunywa chai. Tazama kesi ya Leonard Francis, aliyehudumia meli za Jeshi la Wanamaji la Marekani kwenye bandari za Asia: chakula, maji, kuondoa majitaka. Aliwahonga maofisa kwa hoteli, safari na fedha, nao wakamvujishia ratiba za meli na kuzielekeza bandari alizozitawala yeye. Mwaka 2015 alikiri makosa na kukubali kunyang'anywa dola milioni 35.

Maofisa wale walijua fika kwamba rushwa ni kosa. Kwa hiyo mimi ningeanza na karani anayepokea ankara. Afundishwe kulinganisha lita za majitaka zilizolipiwa na ukubwa wa tangi la meli, na kuzitafuta kampuni "shindani" zilizoleta bei, maana Francis alipeleka zabuni za kampuni hewa. Tena aelezwe wazi pa kupeleka taarifa nje ya bosi wake, na njia hizo ziwe zaidi ya moja: hata mpelelezi mmoja wa jeshi hilo alikuwa akimpa Francis mafaili ya uchunguzi.