Wadogo zangu wa data za moyo, hiyo asilimia 100 rudini nayo

Juzi nimeletewa tena modeli ya kutabiri ugonjwa wa moyo yenye usahihi wa asilimia 100. Mwenyewe, mwanafunzi aliyekuja fildi kwetu, kasimama mlangoni anasubiri pongezi. Nikamuuliza faili kalitoa wapi. Kaggle, mtandao wa kupakua data za bure, lile la mistari 1,025. Nikavuta pumzi. Kila kundi jipya linaingia na faili hilohilo, basi naandika nipumzishe koo.

1. Futa marudio kabla ya kugawa data. Hiyo mistari 1,025 ni wagonjwa 302 wa Cleveland, Marekani, walionakiliwa na kunakiliwa tena. Mgonjwa mmoja anakaa upande wa kufundishia na upande wa kupimia, halafu unashangilia mtihani uliovuja. Isitoshe, hao walikuwa wagonjwa wa miaka ya 1980 waliokwisha kupewa rufaa ya kupigwa picha ya mishipa ya moyo. Muuza samaki wa soko la Feri, Dar, anayekuja OPD, kwa wagonjwa wa nje, kupima presha tu hamo humo.

2. Sifuri si jibu. Faili la Uswisi, ndugu wa hilo la Cleveland, lina wagonjwa 123 na wote kolestro yao ni 0. Hao hawakupimwa, jamani! Na presha 12080 ni 120/80 iliyokosa mkwaju (/).

3. Tarehe. Hapa niliaibika mimi, tena mbele za watu.

Nilipewa rekodi za kliniki moja ya moyo. Nikamkusanyia kila mgonjwa mstari mmoja: umri, presha, sukari, sigara, dawa, vipimo, chochote kilichowahi kuandikwa kwenye faili lake. AUC, alama ya jinsi modeli inavyotenganisha wagonjwa na wazima (1 ni kamili, 0.5 ni kubahatisha), ikapita 0.95. Badala ya kushtuka, nikakesha napamba slaidi. Kwenye kikao cha asubuhi daktari bingwa, mama mtu mzima asiye na haraka, akauliza ni safu zipi zina uzito zaidi. Nikazisoma kwa sauti ya ushindi: clopidogrel na aspirini (dawa za kuzuia damu kuganda), atorvastatini (ya kushusha kolestro), idadi ya ECHO (picha za mawimbi ya sauti za moyo).

Intern mmoja akacheka. Mama akasema, “Mwanangu, hiyo clopidogrel nimeandika mimi, baada ya kumkuta na ugonjwa. Mashine yako imesoma mwandiko wangu.”

Ningenyamaza ningepona. Nikajitetea kwamba modeli imepimwa kwa data ambayo haijawahi kuiona. “Mimi nimeiona,” akajibu, akaendelea na ajenda inayofuata.

Nilirudi kwenye meza yangu nikampangia kila mgonjwa tarehe ya kukata: kinachoandikwa kabla yake kinaingia, cha baada yake kinatoka. AUC ikaporomoka. Kilichobaki kikawa umri, presha na sigara, mambo ambayo muuguzi wa zamu angenitajia bure. Ndipo nikaelewa kwa nini utafiti wa moyo wa Framingham, Marekani, ulioanza 1948, unaheshimiwa hadi leo. Waliwaandikisha watu ambao hawajaugua, wakawapima, kisha wakangoja miaka. Mimi nilianza na wagonjwa nikarudi kinyumenyume, nikaita utabiri. Siku hizi kila safu naihoji: siku ile, kabla hajaugua, hili tulikuwa tunalijua? Ikisitasita, nje.

4. Asiyerudi kliniki usimhesabu mzima. Labda kahamia Mwanza, labda tumeshamzika.

5. “Historia ya familia: hakuna” mara nyingi maana yake hakuna aliyeuliza. Kaa mapokezi asubuhi moja uone foleni ilivyo, hutamlaumu mtu. Na vikokotoo vya hatari vilivyotokana na tafiti za kina Framingham vinatafuta mishipa inayoziba. Binti wa miaka 19 ambaye valvu zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na maumivu ya koo ya utotoni, vitamwambia hatari yake ni ndogo. Mweke kando, ana swali lake.

6. Kabla ya msitu wa maamuzi na mitandao ya neva, hizo modeli nzito za kompyuta, chukua chati za WHO za 2019 za kukadiria hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa. Ipo isiyohitaji maabara kabisa: umri, jinsia, sigara, ile namba ya juu ya presha, uzito kwa urefu. Tumia ya ukanda wetu, siyo ya Ulaya. Ipitishe kwa wagonjwa walewale wa modeli yako, uweke matokeo yote mawili kwenye jedwali moja, ndiyo unitumie. Jedwali tu, slaidi sitaki.