Nimfunze, kisha anipite?

Shangazi, shikamoo. Niko ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kilindini. Binti mgeni ataka nimfunze kazi; nachelea atanipiku cheo.

Marahaba, mwanangu. Mfunze. Nilipoanza mimi, kontena lilikwama kwa tarakimu moja niliyokosea katika namba yake. Bi mkubwa wa meza ya pili hakunigombeza. Alinivutia kiti, akanionyesha kwa ncha ya kalamu: herufi 4, tarakimu 7, na ile ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Hadi leo nazihesabu kwa kidole. Nafasi ya usimamizi ilipotoka, yeye ndiye aliyenitaja mbele ya wakubwa, nami sipo.

Na cheo chako usikinyamazie. Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza ubaguzi wa jinsia katika kupandishwa cheo. Andika barua ya kukiomba, binti huyo akusomee kabla hujaipeleka.