Usishushe darubini mapema: kwa wadogo zangu mnaoanza kutazama ndege Rutland

Jumapili iliyopita tulikuwa ndani ya haidi, kile kibanda cha kujifichia ukitazama ndege, pale Egleton kando ya bwawa la Rutland Water, hapa kaunti ya Rutland, England, watu sita, mvua imekatika punde tu. Mdogo wangu mmoja, mwenye darubini kwa wiki ya tatu, akanyoosha kidole juu ya mierebi: "Mwewe." Akashusha darubini, akafungua chupa ya chai. Nikamuuliza mkia ulikuwaje. "Dada, mwewe si mwewe tu? Kwetu Temeke wanabeba vifaranga mchana kweupe." Nilipofika dirishani ndege alikuwa ameshapotea nyuma ya miti, na chai yenyewe ilikuwa ya moto mno, hata haikunyweka.

Nawapenda sana nyote, ila hili limenichosha, maana ni kosa langu mimi la zamani. Basi tuzungumze.

1. Mwewe wa kila siku wa huku ni yule mwekundu, mkia rangi ya kutu, umepasuka panda hasa. England walikuwa wamemalizwa kabisa. Wakarudishwa, na katika miaka ya 1990 wakaachiliwa msitu wa Rockingham, Northamptonshire, hapo jirani tu, ndiyo maana leo unawaona hata juu ya barabara kuu. Yule wa Temeke, wa kahawia iliyokolea, mkia wenye panda hafifu, ndiye adimu hapa. Akipita mmoja majira ya kuchipua, simu zinalia kaunti nzima. Kwa hiyo mkia kwanza, jina baadaye, chai mwisho.

2. Andika kabla hujafungua kitabu wala programu ya simu: ukubwa, mdomo, miguu, mabawa, sauti, saa, upepo unatoka wapi.

3. Hudihudi. Hapa nivumilieni, nitakaa kidogo.

Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka wangu wa kwanza hapa. Nilikuwa nafanya kazi ya kulea wazee katika kijiji kimoja karibu na Oakham, na kila asubuhi nilikatiza makaburini, pembeni ya kanisa. Alhamisi moja, saa moja kasorobo, nikamkuta hudihudi kwenye majani baina ya makaburi mawili. Alikuwa anatembea kwa kutingisha kichwa, anadidimiza ule mdomo wake mrefu ardhini mpaka karibu na macho, anauchomoa, anasogea hatua mbili, anadidimiza tena. Mbwa akabweka mahali, naye akafungua kishungi chote, manyoya ya rangi ya karoti yenye ncha nyeusi, akakifunga tena taratibu. Nilitabasamu. Nyumbani Morogoro walikuwa wanashinda chini ya mwembe wetu, mama akifagia wanampisha tu. Nikaenda zangu kazini. Sikumwambia mtu.

Jumamosi nikiwa haidi na mzee mmoja Mwingereza, aliyenifundisha karibu kila ninachokijua, nikataja katika mazungumzo tu kwamba nimemwona ndege wa kwetu. Nikamweleza kishungi. Akaweka kikombe chini. Akauliza wapi, saa ngapi, alielekea upande gani. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Akachukua funguo za gari.

Mzee yule alikuwa na madaftari ya kaunti hii ya zaidi ya miaka 30. Hudihudi wa Rutland hakuwemo. Hudihudi wanaotoka Afrika kwenda kuzaliana kusini mwa Ulaya, wengine hupitiliza kwa upepo wa joto wa kusini wakavuka bahari, na wengi wa hao hutua pwani ya kusini ya England. Huku bara, ambako hatuna hata ufukwe, mtu anaweza kungoja maisha yake yote.

Tulizunguka makaburi yale mpaka giza. Jumapili mzee alirudi peke yake alfajiri. Siku zote mbili kilichopatikana ni vishimo tu, vingi, vyembamba kama vimetobolewa kwa msumari. Alipiga magoti, ambayo hata wakati ule yalikuwa yanamsumbua, akaingiza ncha ya kidole kidogo katika kimoja, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akanisaidia kuandika maelezo ya kumpelekea mrekodi wa kaunti, yule anayetunza kumbukumbu za ndege, kwa jina langu, neno kwa neno, bila kunilaumu. Mwaka uliofuata magoti yalimkatalia kabisa, akaacha kuja.

Tangu utotoni nimesikia kwamba hudihudi ndiye aliyempelekea Nabii Suleiman habari za Malkia wa Sabaa. Ndege wa kupeleka habari alinijia mimi, nami habari zake nikakaa nazo siku mbili. Mpaka leo nikipita kanisa lile naangalia majani.

Basi ukiona, sema saa ileile. Ukikosea tutakusahihisha na utaishi.

4. Bahari hatuna, kwa hiyo tunategemea upepo na lile bwawa. Rutland Water lilijazwa maji miaka ya 1970, na nusu ya ndege tunaowakimbilia wasingetua kaunti hii bila lile. Upepo wa mashariki ukija na mvua mwishoni mwa Aprili au Mei, toka kitandani: hapo ndipo buabua weusi wanashuka majini. Siku ya jua kali na anga safi peleka watoto pikiniki.

5. Kiota usikisogelee. Osprei wetu, wale ndege wakubwa wala samaki, waliletwa wakiwa makinda kutoka Uskochi kuanzia 1996, jozi ya kwanza ikazaa 2001, na kila mwaka wanakwenda Afrika Magharibi na kurudi. Kutoka Lyndon, upande wa kusini wa bwawa, unawaona vizuri kabisa kwenye ghuba ya Manton Bay. Hakuna sababu ya kuruka uzio kwa ajili ya picha. Sheria ya wanyamapori ya 1981 inalinda ndege hao kiotani, pamoja na keremkerem, wale wala nyuki ambao huku ni adimu. Mnakumbuka 2017, keremkerem saba walipotua kwenye machimbo ya mchanga East Leake, Nottinghamshire? Nilikwenda. Watu walijaa uwanjani, wazee na viti vyao vya kukunja, watoto mabegani, hakuna aliyevuka kamba. Viota havikufanikiwa, baridi na mvua za kiangazi kile ziliwashinda, lakini hakuna aliyeweza kusema ni sisi tuliowafukuza.

Jumapili hii tena Egleton, saa tatu na nusu asubuhi. Njoo na daftari na penseli, kalamu zinagoma mvuani. Na wewe wa Temeke, kiti cha dirishani nimekuwekea. Chai nitakumiminia mimi.