Ndege ya kwanza imechelewa, ya pili imeondoka: nani anakulipa?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara, nafuata viatu Guangzhou. Wakala alinikatia safari ya Kigoma hadi Dar es Salaam kwa shirika la ndani, kisha Dar hadi Guangzhou kwa shirika la kigeni. Ndege ya Kigoma ilichelewa saa nne, nikafika Dar ile nyingine imeshaondoka. Nilitozwa ada ya kubadili tarehe, nikalala gesti kwa pesa yangu. Wakala ananituma kwa shirika la ndani, na shirika la ndani linanirudisha kwa wakala. Nimdai nani?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndugu yetu, kabla hujamdai yeyote, zitoe zile karatasi za safari uziangalie upya. Swali la kwanza ni kama ulikuwa na tiketi moja au mbili. Usidanganywe na karatasi moja yenye nembo ya wakala, wala na ile namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita. Tafuta namba ya tiketi yenyewe. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Safari yote ikiwa chini ya namba moja, una mkataba mmoja. Namba zikiwa mbili za mashirika mawili, una mikataba miwili. Dalili nyingine ni lebo ya mzigo uliyopewa Kigoma: ikiwa imeandikwa CAN, mzigo ulipokelewa kwenda moja kwa moja Guangzhou, ikiwa imeandikwa DAR, safari yako iliishia Dar kwa macho ya shirika la kwanza. Hiyo ni dalili tu, lakini ibandike kwenye faili lako.

Tuseme ni tiketi moja. Hapo unalindwa na Mkataba wa Montreal wa 1999 kuhusu safari za kimataifa za ndege, ambao Tanzania ni mwanachama. Kipande cha Kigoma hadi Dar, ingawa hakivuki mpaka wowote, kinahesabiwa kuwa sehemu ya safari ya kimataifa. Ibara ya 19 inasema msafirishaji anawajibika kwa hasara iliyotokana na ucheleweshaji, isipokuwa athibitishe kwamba yeye na watumishi wake walichukua kila hatua iliyotarajiwa kuizuia, au kwamba haikuwezekana kuichukua. Anayetakiwa kuthibitisha hilo ni wao, si wewe. Na pale mashirika yanapopokezana abiria, ibara ya 36 inakuelekeza kwa yule aliyekuwa amekubeba ucheleweshaji ulipotokea. Kwa hiyo mdaiwa wako ni shirika la ndani. Ile ada ya kubadili tarehe, kwa tiketi moja, haikustahili kutozwa. Iombe kwanza kwa aliyeitoza, na akikataa iingize kwenye dai lako kuu.

Kikomo cha juu cha madai ya ucheleweshaji ni SDR 6,303 kwa abiria, kwa safari za tangu tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha Duniani (IMF), na kiasi hicho kinazidi dola 8,000. Usiikimbilie namba hiyo. Si malipo ya kila aliyecheleweshwa. Unalipwa ulichopoteza na ukaweza kukionyesha: ada, gesti, chakula, teksi. Fidia ya kumkomoa msafirishaji hairuhusiwi kabisa chini ya mkataba huu, na usumbufu wa moyo pekee kwa kawaida hauzai kitu. Faida ya biashara iliyoponyoka inaweza kudaiwa, ila uwe na karatasi, mfano malipo ya awali yaliyopotea kwa sababu hukufika siku ya makubaliano.

Sasa tuseme ni tiketi mbili, na barua yako inatufanya tushuku hivyo. Shirika la kigeni halidaiwi kitu. Kwake wewe ni abiria ambaye hakutokea. Shirika la ndani litakuonyesha masharti yake, na mengi ya masharti hayo yanakana kuhusika na ndege ya mbele. Ipo hoja ya ibara ya 1(3) ya Montreal, kwamba hata mikataba kadhaa inaweza kuhesabiwa safari moja kama pande zote ziliichukulia hivyo. Iandike, lakini usimlipe wakili kwa ajili ya usiku mmoja wa gesti. Sisi tungembana wakala kwanza. Kama alikwambia ni safari moja, au aliziunganisha zikiwa na nafasi ya saa mbili tu katikati, kosa la kupanga ni lake, na ujumbe wake wa WhatsApp ni ushahidi.

Barua ya madai iwe ukurasa mmoja. Jina kama lilivyo kwenye tiketi, namba ya tiketi, namba ya ndege na tarehe, saa ya kufika iliyopangwa na ile halisi, kisha gharama moja moja, jumla yake, akaunti ya benki na siku ya mwisho ya kujibiwa. Siku 30 zinatosha. Ambatisha nakala na ubaki na karatasi halisi. Risiti ya EFD ina nguvu kuliko ya mkono, na gesti nyingi hazikupi mpaka uombe. Malipo ya simu, chapa ujumbe wake. Tuma kwa barua pepe, kisha peleka nakala kwenye ofisi yao na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Madai mengi hufia hapa: mtu amelalamika kaunta kwa mdomo, akaondoka bila karatasi inayotaja sababu ya ndege kuchelewa. Iombe hapo hapo uwanjani, na bodingi pasi usiitupe.

Wakikaa kimya, peleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) pamoja na barua uliyowaandikia. Mara nyingi swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulianza na shirika lenyewe. Kesi ya Montreal ina miaka miwili tu, tangu siku uliyofika au uliyotakiwa kufika. Na kama tiketi ilikuwa ya kwenda na kurudi Kigoma, kisheria mwisho wa safari yako ni Kigoma, kwa hiyo mahakama za Tanzania zina mamlaka ya kuisikiliza.

SWALI: Nasoma Ujerumani. Nikirudi likizo, ndege kutoka Frankfurt ilichelewa, nikakosa ya kuunganisha huko Mashariki ya Kati na kufika Dar saa tisa nje ya muda. Wenzangu wanasema kila ndege ikichelewa unalipwa euro 600. Ni kweli? Shirika lenyewe si la Ulaya.
Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Si kila ndege, ila yako inaonekana imo. Kanuni 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inahusu kila ndege inayoondoka kwenye uwanja wa Umoja huo, ya shirika lolote lile. Zinazotoka nje kwenda Ulaya zinahusika pale tu mrushaji akiwa shirika la Ulaya. Kwa hiyo ukienda Frankfurt kutoka Dar na shirika lile lile, kanuni hii haikusaidii.

Kama safari yote ilikuwa uhifadhi mmoja, kinachohesabiwa ni kuchelewa kufika mwisho wa safari. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua hivyo mwaka 2013, na mwaka 2018, katika kesi ya safari ya Berlin hadi Agadir kupitia Casablanca, ikasema kubadili ndege nje ya Ulaya hakuvunji haki hiyo. Kuchelewa kuanzie saa tatu, kukihesabiwa hadi mlango wa ndege unapofunguliwa, si magurudumu yanapogusa ardhi. Zaidi ya kilomita 3,500 ni euro 600. Hapa huhitaji risiti, kwa kuwa kiwango kimepangwa.

Watajitetea kwa hali isiyo ya kawaida. Dhoruba au mgomo wa waongoza ndege huweza kuwaokoa; hitilafu ya kawaida ya kiufundi kwa kawaida haiwaokoi. Wakikupa vocha, si lazima uipokee: bila wewe kukubali kwa saini, malipo ni fedha. Kwa Ujerumani muda wa kudai ni miaka mitatu, ukihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka wa safari. Zipo kampuni zinazokudai kwa niaba yako na kukata sehemu nono. Jaza kwanza fomu ya shirika mwenyewe.

SWALI: Mimi nilifika, begi halikufika mpaka siku ya tano. Nimechelewa kudai?
Mama wa Kasulu

JIBU: Mama, hesabu siku 21 tangu siku uliyokabidhiwa begi, ndani ya hizo peleka malalamiko ya maandishi. Kama limefika limeharibika, siku ni saba tu. Ripoti uliyojaza uwanjani ambatisha, lakini isiwe mbadala wa barua. Dai vitu vya lazima ulivyonunua ukisubiri, pamoja na risiti zake. Kikomo chini ya Mkataba wa Montreal ni SDR 1,519.

SWALI: Nikikata tiketi mbili kwa makusudi ili nipunguze gharama, niache saa ngapi pale Dar?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Acha usiku mzima. Ndege za ndani hushusha Jengo la Pili na za kimataifa nyingi huondoka Jengo la Tatu. Utachukua mzigo, utahama jengo, utapanga foleni upya, na kaunta za kimataifa kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuondoka. Nafasi ya saa nne kwenye karatasi haina akiba kubwa ndani yake. Tena ndege inayokuja Kigoma mara nyingi imetoka kituo kingine siku hiyo hiyo, kwa hiyo kuchelewa kwa asubuhi kunakufikia mchana kukiwa kumeongezeka.

Ukiona kabisa huwahi, lipigie simu shirika la pili kabla ndege yake haijaondoka. Ukiandikwa hukutokea, mashirika mengi hufuta vipande vyote vilivyobaki, na tiketi yako ya kurudi inaondoka navyo.

Na soma saa vizuri. Tiketi ikisema 01:40 tarehe 12, hiyo ni saa 7:40 usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatakiwa uwe kaunta tarehe 11, saa 4:40 usiku. Ukitokea usiku unaofuata, hakuna wa kumdai.